Usiku nilipohesabu pumzi za Babu

Nimepotea kidogo hapa, wadau mnisamehe. Nilikuwa na mgeni. Babu alitoka Muheza kuja Dar kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na kwa vile geto langu ni chumba kimoja, yeye alilala kitandani, mimi nikatandika godoro chini.

Usiku wa kwanza nilidhani anakoroma tu kama wazee wengine. Mara mkoromo ukakatika. Kimya. Nikashika simu nikaanza kuhesabu: sekunde tano, kumi, kumi na nane. Nilikuwa nimeshanyanyuka kumtikisa ndipo akavuta pumzi moja kubwa, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akaendelea kulala. Baada ya dakika chache ikawa vilevile.

Asubuhi nikamwamkia na kumuuliza amelalaje. "Kama gogo, mjukuu wangu," akasema, kisha akanicheka kwa macho yangu mekundu. Nikampigia simu shangazi. "Huo si uzee tu! Marehemu bibi yako alikuwa anamsukuma kwa kiwiko, anageuka, basi."

Bibi tulimzika miaka minne iliyopita. Miaka minne hakuna kiwiko.

Halafu hilo neno, "uzee tu". Likanikera, nikaanza kuchimba. Kumbe suala hili lina historia ndefu, na mwanzoni hata madaktari hawakuwa na jibu zuri kuliko la shangazi.

Mwaka 1818 daktari Mskochi aliyefanya kazi Dublin, John Cheyne, aliandika habari za mgonjwa wa miaka 60 aliyepigwa na kiharusi. Aliketi akamtazama. Pumzi ilisimama kabisa kwa robo dakika, ikarudi polepole, ikapanda mpaka ikawa ya kuhema, ikashuka tena, ikazimika. Mzunguko mzima ulichukua kama dakika moja. Mgonjwa alipofariki na kupasuliwa, moyo wake ulikutwa umegeuka mafuta. Mwaka 1854 William Stokes, naye wa Dublin, akaeleza upumuaji huohuo katika kitabu chake cha magonjwa ya moyo, na majina yao yakaunganishwa: upumuaji wa Cheyne-Stokes. Kwa madaktari wengi wa enzi hizo, ukiuona ujue mgonjwa yuko njiani kuondoka.

Lakini katika miaka ya 1880 Angelo Mosso wa Turin, Italia, alionyesha kwamba hata mtu asiye mgonjwa anaweza kupumua kwa mawimbi akiwa usingizini. Kwa hiyo swali likabadilika. Kinachoifanya pumzi itulie ni nini hasa, na kwa nini wakati mwingine iyumbe?

Jibu lilitoka Uingereza. Mwaka 1905 John Scott Haldane na Priestley walionyesha kwamba kinachotusukuma kuvuta pumzi, katika hali ya kawaida, ni hewa ukaa inayojikusanya mwilini zaidi kuliko upungufu wa oksijeni. Mwaka 1909 Haldane na mwenzake Douglas walipima jambo hilo: mtu anahema kwa nguvu makusudi, anaitoa hewa ukaa nyingi, kisha anajiachia. Pumzi ilisimama, na iliporudi ilirudi kwa mawimbi yaleyale ya Cheyne.

Fikiria daladala kuukuu yenye usukani uliolegea. Dereva anakata kulia, gari linachelewa kuitika, anazidisha, linapitiliza, anakata kushoto. Gari linayumba barabara nzima ingawa dereva hajalewa. Ubongo ndiye dereva, na taarifa za hewa ukaa zinamfikia kupitia damu. Moyo ukichoka, damu inachelewa, taarifa inafika ikiwa imepitwa na wakati. Ubongo unaamrisha pumzi nyingi kupita kiasi, halafu chache kupita kiasi. Tukiwa macho tunajirekebisha bila kujua. Tukilala, usukani unabaki peke yake.

Umri unaingia hapa kwa milango miwili. Wa kwanza ni koo. Kadiri miaka inavyokwenda, njia ya hewa inakuwa rahisi zaidi kujikunja mtu anapolala. Wa pili ni usingizi wenyewe. Wa wazee ni mwepesi na unakatikakatika. Kila akishtuka kidogo anavuta pumzi kubwa, hewa ukaa inashuka, na akirudi usingizini ubongo unaona hakuna haraka. Unangoja. Kimya kile nilichokihesabu mimi kinaweza kutoka mlango wowote kati ya hiyo miwili, au yote.

Ajabu ni kwamba kusimama kwa pumzi usingizini hakukupimwa sawasawa mpaka 1965, pale Henri Gastaut na wenzake Marseille, Ufaransa, na wenzao wa Ujerumani, walipofunga wagonjwa nyaya na kukesha nao usiku kucha. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney akatangaza tiba: mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisijikunje.

Na wazee? Mwaka 1991 Sonia Ancoli-Israel na wenzake wa San Diego, Marekani, walitoa matokeo ya watu 427 wenye miaka 65 na zaidi waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Karibu robo yao, asilimia 24, pumzi ilisimama mara tano au zaidi kila saa.

Kwa hiyo shangazi hakukosea kabisa. Ni jambo la kawaida uzeeni. Lakini kawaida si sawa na salama. Mtoto wa jicho nao ni wa kawaida uzeeni, na bado tulimleta Babu Dar kuutoa. Pumzi inayoyumba inaweza kuwa koo tu, na inaweza kuwa moyo unaobisha hodi. Kutofautisha ni muhimu: mwaka 2015 utafiti uliotumia mashine ya aina nyingine kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu ulikuta vifo vya moyo vimeongezeka badala ya kupungua. Kupumua kunafanana kwa masikio yangu, tiba hazifanani.

Nilichojifunza zaidi ni hiki. Cheyne aliketi kitandani kwa mgonjwa. Gastaut alikesha. Bibi alikuwa na kiwiko. Mwenye tatizo hili hawezi kukusimulia, kwa sababu linapotokea yeye hayupo. Lazima awepo mwingine aliye macho. Na uzee ndio umri ambao wengi wanabaki kulala peke yao.

Nilimrekodi Babu kwa simu, nikamsikilizisha daktari. Alipima presha, ikawa juu; akasikiliza moyo, mapigo hayana mpangilio. Dawa ameanza, kipimo cha usingizi tunasubiri zamu. Babu alipoisikia ile rekodi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mama yenu alikuwa anafanya kazi usiku kucha."

Wewe je, msomaji? Wazee wako wanalala na nani?

Wetu amerudi Muheza. Binamu yangu wa darasa la sita amehamishiwa chumbani kwake awe anamsikiliza. Jana Babu kapiga simu kulalamika: mtoto anakoroma.