Shujaa na Msimulizi Wake

Shujaa afapo hubaki hadithi yake. Lakini hadithi nayo yaweza kufa isipopata mtu wa kuihifadhi. Tuyatazame hayo katika nchi ya Wagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira.

Mwezi wa Januari, mwaka 1908, Otenyo Nyamaterere wa Kitutu alimvizia Northcote, mtawala wa Kiingereza wa Kisii, akamchoma mkuki. Northcote alipona. Husimuliwa kwamba aliyemtia Otenyo moyo ni Moraa Ng'iti, mwanamke mganga na mtabiri, aliyeona uchungu kwa jinsi watu walivyoonewa. Serikali ilipeleka askari. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa, na watu wengi wakauawa. Otenyo naye aliuawa. Habari za ushindi ziliandikwa na washindi. Habari za Moraa zilikaa vinywani mwa wazee.

Jirani zao Wajaluo wa Kano wana Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake, kwa masimulizi, ulikuwa jiwe, na nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake. Huyo alipata bahati. Katika miaka ya 1980 mchoraji Terry Hirst alimtia katika Pichadithi, mfululizo wa vitabu vya hadithi za picha uliotolewa Nairobi. Hivyo hata mtoto asiyejua Kijaluo aliweza kumfahamu.

Lakini kuihifadhi hadithi bila kumkumbuka mwenyewe ni kufanya kazi nusu. Huko Marekani, vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimtunga Superman. Mwaka 1938 waliuza haki zao kwa dola 130 tu. Shujaa wao akatajirisha wengine, na wao wakapata dhiki. Mwaka 1975, baada ya malalamiko mengi, kampuni ilikubali kuwalipa fedha kila mwaka na kuyarudisha majina yao juu ya kazi yao. Magazeti yale ya kwanza yalichapwa kwa karatasi hafifu. Lakini tangu mwaka 1989 visa vyake vya kale vimekusanywa katika vitabu vya jalada gumu, na msomaji huona hadithi pamoja na majina ya waliozitunga.

Je, wazee waliotuhifadhia Moraa na Otenyo, nani ayajuaye majina yao? Mwanahistoria William Ochieng' alifanya kazi kubwa alipotoa, mwaka 1974, kitabu juu ya Wagusii wa kale. Hata hivyo kazi haijaisha, na mzee akizikwa, huzikwa na aliyoyajua.

Basi, ewe mwanafunzi, ukienda likizo, chukua daftari uketi na bibi yako. Andika anayokusimulia, na juu ya ukurasa, kabla ya jina la shujaa, andika jina la bibi, kijiji chake, na tarehe ya siku hiyo.