Kumpima mtoto mchanga oksijeni ili kugundua kasoro za moyo

Mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro kubwa ya moyo, akalia vizuri, akanyonya, mkaruhusiwa kwenda nyumbani. Kila mtoto huzaliwa na mshipa mfupi unaounganisha mishipa miwili mikubwa ya damu karibu na moyo. Kwa baadhi ya wenye kasoro, huo ndio unaowaweka hai, nao hujifunga ndani ya siku chache. Hapo hali hubadilika ghafla.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitalini, uliza kama mwanao amepimwa oksijeni. Wakati mzuri ni baada ya saa 24. Muuguzi hufunga kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu kwenye mkono wa kulia, kisha mguu mmoja. Hakuna sindano. Mfunike apate joto na umtulize, maana miguu ikiwa baridi au akirusharusha, kifaa husoma vibaya. Kile cha kubana kidole cha mtu mzima hakimfai.

Asilimia 95 au zaidi mkononi na mguuni, bila kupishana zaidi ya 3, inaridhisha. Chini ya 90, daktari amwone mara moja. Katikati ya hapo, kipimo hurudiwa. Oksijeni ndogo si lazima iwe moyo. Nimonia nayo huishusha.

Kipimo hiki hakigundui kasoro zote. Nyumbani, akihema haraka, akitoka jasho au kuchoka anaponyonya, au ulimi na fizi zikiwa za bluu (usitegemee rangi ya ngozi), mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.