Thao ya Zamani Ilipopewa Tarehe ya Kufa

Programu ikipata toleo jipya, wanaoandika maelezo yake hubishana: msomaji akifungua ukurasa, aone kwanza maelezo ya toleo lipi? Jipya, ambalo wengi hawajaliweka bado, ama la zamani lililo kwa mashine zao? Kenya ililijibu swali la aina hiyo mwaka wa 2019, tena kwa pesa taslimu.

Tarehe 1 Juni, Siku ya Madaraka kule Narok, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza noti mpya. Sababu ilikuwepo tangu 2010: Kifungu cha 231 cha Katiba kinakataza picha ya mtu yeyote kwa noti na sarafu. Yaani tulingoja karibu miaka tisa, halafu ghafla mbio. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 ziliachwa zitumike pamoja na mpya. Elfu pekee ndiyo iliyowekewa makataa: ikifika Oktoba 1, ni karatasi tu.

Hapo kuna maamuzi mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Kufanya kipya kiwe cha kawaida ni jambo moja, kuua cha zamani ni lingine. Soo mpya ilizoeleka bila mtu kutishwa. Ile ya zamani ilichakaa mifukoni ikarudi benki yenyewe. Thao ilileta presha, na ilikuwa makusudi, kwa sababu Benki Kuu ilikuwa inawinda noti bandia na pesa haramu.

Kwa pasipoti serikali ilifanya kinyume. Ile ya kielektroniki ilianza kutolewa 2017, na ya zamani ikaambiwa mwisho wake ni Agosti 2019. Ikasogezwa hadi Machi 2020, ikasogezwa tena na tena, mpaka Novemba 2022. Tarehe ikihama mara hizo zote, nani ataamka mapema kupanga foleni? Mimi ningetoa toleo jipya kwa kila anayeomba tangu siku ya kwanza, kisha la zamani nilipe muda mrefu, lakini usiosogea.

Miezi minne ya thao haikusogea hata siku moja. Shida ni kwamba haikuwa mirefu kwa kila mtu. Huku Kiserian ng'ombe na mbuzi wameuzwa miaka mingi kwa noti za kuhesabiwa mkononi, na si kila noti huishia benki. Mzee aliyeficha bei ya fahali chini ya godoro alipewa muda ule ule aliopewa tajiri wa Nairobi mwenye masanduku. Vuka mpaka pale Namanga, mambo yalikuwa magumu zaidi: benki kuu za Tanzania na Uganda zilisimamisha ubadilishaji wa noti za Kenya mwezi huo huo wa Juni.

Makataa yalipopita, Benki Kuu ilihesabu noti 7,386,000 ambazo hazikurudi. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 7.3. Hesabu hiyo haitenganishi za mwizi na za nyanya.