Makao ya Watoto Isiolo: Usalama, Usafi na Watumishi

Makao ya watoto ni taasisi ambamo watoto waliokosa malezi ya wazazi au jamaa huishi na kutunzwa, na yale ya Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, hufuata masharti ya nchi nzima ingawa ukame huyafanya mengine yawe magumu kutimizwa. Msingi wa masharti hayo ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, pamoja na kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtoto haki ya lishe, makazi na matibabu, na kumkinga dhidi ya ukatili.

Mzigo mzito zaidi ni usafi, kwa kuwa mahali ambapo mvua ni haba na mto Ewaso Ng'iro hukauka katika sehemu zake za chini wakati wa kiangazi kikali, matangi ya maji si anasa bali ni sharti la kuwa na vyoo, jiko na malazi yasiyoeneza kipindupindu na kuhara. Walezi, yaani watumishi wanaokaa na watoto usiku na mchana, hustahili kuchunguzwa mwenendo kabla ya kuajiriwa, na ni vyema baadhi yao wajue Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kisamburu, maana mtoto mdogo hueleza maumivu yake kwa lugha ya nyumbani.

Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarejesha watoto katika familia. Hata hivyo, makao yaliyopo yanapaswa kukaguliwa kwa ukali hadi mtoto wa mwisho atakapoondoka.