Maisha ya Komal Kothari na Nyumba ya Borunda

Komal Kothari alizaliwa mwaka 1929 huko Kapasan, Rajasthan, magharibi mwa India. Ujanani alishikamana na Vijaydan Detha, mzaliwa wa kijiji cha Borunda, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Detha alitoka katika jamii ya Charan, ambao kwa vizazi walikuwa washairi na watunza nasaba wa wafalme wa nchi ile.

Kothari alilitumikia baraza la muziki na maigizo la jimbo, lakini kazi aliyoitamani ilikuwa vijijini. Mwaka 1960 yeye na Detha walianzisha Rupayan Sansthan palepale Borunda, nyumba ya kukusanya ngano, nyimbo na desturi. Wakagawana kazi. Detha alisikiliza wasimulizi wa kijijini, kisha akaziandika ngano zao upya kwa Kirajasthani, wakati wenzake wengi waliandika kwa Kihindi. Kazi hiyo, Batan ri Phulwari, ilifika majuzuu 14, na mwaka 1974 ilimletea tuzo ya fasihi ya Sahitya Akademi. Kothari aliandika machache. Yeye alishika kinasa sauti na kuzunguka jangwani.

Huko aliwafuata Walanga na Wamanganiyar, Waislamu wanaorithishana uimbaji baba kwa mwana. Kila ukoo wa waimbaji una wafadhili wake. Wafadhili wa Wamanganiyar wengi ni Warajput wa dini ya Kihindu. Mwimbaji huwaimbia mtoto anapozaliwa na bibi harusi anapotolewa, huihifadhi nasaba yao kichwani, na hulipwa nafaka, mifugo au fedha. Kothari alirekodi nyimbo zao kwa maelfu ya saa, akawapeleka kwenye majukwaa ya Delhi, na baadaye Ulaya. Wafadhili walipopungukiwa uwezo, majukwaa hayo yakawa riziki mpya.

Aliigawa Rajasthan kwa nafaka iliwayo: nchi ya uwele, nchi ya mtama, nchi ya mahindi. Kwake, chakula ndicho kilichoeleza mvua, mifugo, miungu na nyimbo za mahali kuliko mipaka ya falme. Kwa fikra hiyo akabuni Arna Jharna, makumbusho ya jangwa karibu na Jodhpur, na kitu cha kwanza kuonyeshwa humo kikawa ufagio. Kila eneo hufagia kwa nyasi zake, na wanaozifunga wana ujuzi ambao hakuna aliyekuwa ameuandika.

Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 1983 na ya Padma Bhushan mwaka 2004. Alifariki Aprili mwaka huohuo. Detha alimfuata mwaka 2013.

Wapo watunza urithi wengi waliojaza makabati. Kothari aliwatazama waimbaji wenyewe, akauliza watakula nini kesho, na ndiyo maana kamaicha, ala ya nyuzi ya Wamanganiyar, ingali inapigwa. Anayetaka kuhifadhi nyimbo za kwao aanze na swali hilo.