Fimbo ya Henzirani: Asili ya Sanaa ya Mapigano ya Ufilipino

Msomaji wa historia ya pwani yetu hukutana na jina la Francisco de Almeida, jemadari wa Kireno aliyeishambulia Kilwa mwezi Julai 1505, na mwezi uliofuata akaiteka Mombasa na kuitia moto. Miongoni mwa askari wa msafara ule alikuwamo kijana mmoja aitwaye Fernão de Magalhães, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Magellan. Miaka 16 baadaye, tarehe 27 Aprili 1521, mtu huyo huyo, sasa akiwa katika utumishi wa mfalme wa Hispania, aliuawa katika maji ya kina kifupi kando ya Mactan, kisiwa kidogo kilicho jirani na Cebu. Waliomshinda walikuwa watu wa mtemi Lapulapu. Ni watu wa visiwa hivyo ambao leo wanajulikana kwa sanaa ya mapigano iitwayo arnis, eskrima au kali, kutegemea ni nani aitajaye na anatoka wapi.

Makala haya yanakusudia kueleza sanaa hiyo jinsi ilivyo na ilikotoka. Lakini kwa sisi walimu wa lugha kuna jambo jingine ndani yake. Istilahi zake nyingi ni za Kihispania, yaani lugha ya mtawala. Je, sanaa yenye majina ya mgeni yaweza kuwa mali ya mwenyeji? Swali hili halituhusu kwa mbali, kama tutakavyoona.

Tuanze na utendaji wenyewe. Silaha ya mazoezi ni fimbo ya henzirani yenye urefu wa sentimita 70 hivi. Henzirani ni nyepesi, haivunjiki upesi, na ikipigwa huchanika nyuzi badala ya kukatika vipande vyenye ncha. Fimbo hiyo yaweza kusimama badala ya upanga, au badala ya bolo, lile panga la mkulima la kufyekea na kukatia nazi. Katika sanaa nyingi za mapigano za Asia, mwanafunzi huanza na mikono mitupu na kupewa silaha baadaye. Huku Ufilipino mambo aghalabu huwa kinyume: mwanafunzi hushika fimbo siku ya kwanza, na miendo ile ile ya fimbo ndiyo atakayoitumia akiwa mikono mitupu.

Mapigo hayafundishwi kwa jina la kila silaha, bali kwa pembe yanakotokea. Mitaala mingi huhesabu pembe 12. Anayejua kulikinga pigo lijalo kutoka juu kuliani hulikinga liwe la fimbo, la kisu au la ngumi. Mkono usioshika silaha haulali: hukinga, hukamata na hunyang'anya. Tena mpiganaji hufundishwa kuulenga kwanza mkono wa adui ulioshika silaha. Wenyewe hulifananisha jambo hilo na kumng'oa nyoka meno yake ya sumu.

Sasa turudi Mactan. Hadithi iliyoenea husema kuwa Magellan aliangushwa na mabingwa wa fimbo. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyekuwapo vitani na kujeruhiwa, hakuandika hivyo. Anataja mishale, mikuki ya mianzi, vigingi vilivyochongwa na kukaushwa kwa moto, na mawe. Mashua hazikuweza kukaribia ufuko kwa sababu ya miamba, hivyo watu wapatao 49 waliteremka na kutembea majini. Bunduki zilizopigwa kutoka mbali hazikufaa kitu. Wenyeji walipoona kuwa deraya zimewafunika wageni vifua, wakaanza kulenga miguu, iliyokuwa wazi. Magellan alipigwa mshale mguuni, kisha akakatwa mguu kwa upanga mkubwa, akaanguka. Ushahidi huu hautuonyeshi fimbo, lakini watuonyesha watu wenye akili ya vita: walimtazama adui, wakapata pasipokingwa, wakapiga hapo.

Utawala wa Kihispania ulianza kujengwa mwaka 1565 na ukadumu hadi 1898. Katika karne hizo tatu na zaidi ndipo majina yalipoingia. Arnis latokana na neno la Kihispania lenye maana ya deraya. Eskrima ni jina la Kihispania la sanaa ya kupigana kwa upanga. Kupigana kwa upanga na jambia huitwa espada y daga. Pigo la kupepea kwa kifundo cha mkono huitwa abaniko, yaani kipepeo. Masafa ya mbali ni largo, na ya karibu ni corto. Jina la kali, ambalo limeenea zaidi ng'ambo, asili yake ina ubishi; wengine hulihusisha na kalis, jina la upanga wa zamani wa visiwa hivyo.

Kwa orodha hiyo, mtu mwenye haraka angekata shauri kuwa sanaa nzima ililetwa na Wahispania. Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapopaswa kusema, ngoja kidogo. Katikati ya istilahi hizo za kigeni limo neno sinawali, jina la mazoezi ya fimbo mbili zinazopishana kwa zamu. Neno hilo latokana na sawali, jamvi la mianzi iliyopasuliwa na kusukwa, litumiwalo kwa kuta za nyumba. Aliyeubuni mwendo ule aliutazama ukuta wa nyumba yake, si kitabu cha Madrid. Na hata yale maneno ya Kihispania hayakubaki ya Kihispania: yameandikwa na kutamkwa kwa namna ya wenyeji, na mambo yanayotajwa hayafanani kila mara na yale ya Ulaya. Lililo karibu na kweli ni kwamba ujuzi wa wenyeji ulikutana na ujuzi wa wageni, wenyeji wakachukua kilichowafaa.

Mazingira ya mkutano huo yalikuwa magumu. Katika karne ya 17 na ya 18, na hata baadaye, vijiji vya pwani ya Visayas vilishambuliwa mara kwa mara na wavamizi waliotoka kusini, kutoka Sulu na Mindanao, wakiteka watu na kuwafanya watumwa. Vijiji vilijenga minara ya kulinda na kupanga wanaume wao. Ned Nepangue na Celestino Macachor, katika kitabu walichokitoa mwaka 2007, walitoa hoja kwamba eskrima ilikomaa katika ulinzi huo, makasisi wa Kihispania na wanavijiji wakiwa upande mmoja. Hoja hiyo haipatani na simulizi ipendwayo, kwamba sanaa ilipigwa marufuku na ikahifadhiwa kwa siri ndani ya ngoma na michezo ya kuigiza. Huenda kila simulizi ina chembe ya kweli mahali pake. Lakini tukumbuke kuwa utenzi mashuhuri wa Francisco Balagtas, Florante at Laura, wa mwaka 1838, unautaja mchezo wa arnes waziwazi. Kitu kinachotajwa waziwazi katika utenzi hakikuwa siri kila mahali.

Katika karne ya 20 sanaa ilitoka viamboni ikaingia katika vyama. Mwaka 1932 chama cha Doce Pares kilianzishwa Cebu na jamaa za Saavedra na Cañete pamoja na wenzao. Mwaka 1952 Venancio Bacon alijitenga na kuanzisha chama cha Balintawak, kilichoitwa kwa jina la mtaa wa mji huo, akashikilia fimbo moja na mapigano ya karibu. Wakati huo huo, vibarua wa Kifilipino waliokwenda mashambani California waliichukua sanaa yao. Huko Stockton, mwaka 1966, Angel Cabales alifungua shule iliyowapokea hata wasio Wafilipino.

Hata hivyo, nyumbani sanaa ilikuwa hatarini. Katika mazoezi ya kale mwanafunzi alipigwa fimbo mkononi, na wengi waliumia wakaacha. Remy Presas, mzaliwa wa Negros, aliliona hilo. Akaagiza fimbo igonge fimbo badala ya mkono, akapanga masomo kwa hatua, akayapeleka katika shule na vyuo. Wapo wazee walioona kuwa ukali umepunguzwa. Lakini urithi usio na wanafunzi hufa pamoja na mwalimu wake. Tarehe 11 Desemba 2009, Rais Gloria Macapagal-Arroyo alitia sahihi Sheria ya Jamhuri Nambari 9850, iliyoitangaza arnis kuwa sanaa ya mapigano na mchezo wa taifa.

Walimu wenzangu, tumewasikia wanafunzi, hasa sisi tufundishao mbali na pwani, wakiuliza kama Kiswahili si lugha ya kuazima tu, kwa kuwa jeshi, askari na silaha ni maneno ya Kiarabu, na bendera, meza na gereza yalitoka kwa Wareno. Mfano wa Ufilipino utusaidie kuwajibu. Neno hueleza ni nani tuliyekutana naye. Halitoi hati ya kumiliki nyumba. Sarufi iliyoyapokea maneno yale ni ya Kibantu, kama vile mkono ulioishika fimbo ya eskrima ulivyokuwa wa Mfilipino.

Lakini jibu hilo lina sharti lake. Tusiwafundishe vijana fahari iliyojengwa juu ya hadithi tusizoweza kuzitetea, maana siku watakapogundua, wataitupa fahari pamoja na hadithi. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Ni vema kuongeza kwamba asili yenyewe sharti ichunguzwe, kila chanzo kiulizwe kilichokiona na kisichokiona. Lapulapu hapungukiwi na kitu kwa sababu Pigafetta hakuandika habari za fimbo, wala arnis haipungui kwa kuitwa kwa jina la deraya ya Mhispania. Urithi wenye mizizi hauogopi kuulizwa ulikotoka.