Shaba Haiozi

Leo tuzungumze juu ya madini yaliyoingia shambani bila kuchimbwa mgodi.

Karne ya 19, vita vya Wangoni viliwapandisha Wamatengo milimani. Huko wakabuni ngolo, udongo usiteremke na mvua. Miaka ya 1920 ikaingia kahawa, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha NGOMAT. Kahawa ikasomesha watoto, ikaezeka nyumba mabati. Lakini ina maradhi yake: kutu ya majani, na chulebuni iliyofika Tanzania miaka ya 1960. Tiba ilikuwa mrututu na dawa nyingine za shaba. Tukajaza bomba, tukapuliza, mwaka hata mwaka.

Je, shaba ile ilikwenda wapi? Mvua iliiosha kutoka kwenye majani, ikaanguka chini, ikabaki palepale. Samadi huoza, shaba haiozi. Tazama Kabwe, nchini Zambia: mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini risasi ingali udongoni hadi leo. Risasi ni sumu kali kuliko shaba, ila kwa kukaa udongoni ni ndugu.

Mashamba ya zamani ya kahawa Kenya na Kilimanjaro yalipopimwa, shaba ilikutwa imelundikana tabaka la juu. Mbuni mkubwa huvumilia. Taabu huja ukiung'oa na kupanda maharage: mizizi hudumaa, majani huwa manjano, nyungunyungu hupungua. Udongo ukiwa na tindikali, madhara huzidi.

Basi tufanyeje? Kuitoa shaba yote ni kazi ya miaka mingi, lakini twaweza kuipunguza makali. Kwanza, mwone bwana shamba udongo upimwe, maana umanjano una sababu nyingi. Pili, ikionekana tindikali, tia chokaa kwa kipimo utakachopewa. Tatu, tia samadi na mboji kwa wingi. Huishika shaba isiifikie mizizi. Nne, usioshee bomba mtoni. Tano, panda mibuni inayostahimili maradhi, ile iliyotolewa na TaCRI, yenye kituo Ugano hapa Mbinga. Mibuni hiyo haidai dawa nyingi, na shaba haitaongezeka kama zamani.

Wazee waliulinda udongo usiondoke. Sisi tuulinde usichafuke. Kazi njema, ndugu mkulima.